Familia Yangu kwa Kichina

Hebu niambie wewe unayesoma: nyumbani kwenu, nani humwita nani mama? Usijibu haraka. Kwa Ndegwa wa Woodley swali hilo lilileta wageni watatu kwa mpigo, likatoa vikombe vya maua kwenye kabati la jirani, likamtoa jasho mtu mzima katika sebule yake mwenyewe. Na chanzo chake kilikuwa kitu chema kabisa. Watu walitaka mtoto ajue Kichina.

Ndegwa alikuwa karani wa stoo katika karakana ya baraza la jiji, na kwa kazi hiyo alipata nyumba ya kupanga Woodley, nyumba ya mawe ya zamani yenye dohani ambayo haijatoa moshi tangu mzungu aliyeiota moto aende kwao. Mkewe, Wangu, alikuwa fundi wa cherehani katika duka la Chetan, mjini kati, akishona sare za shule za watoto wa watu wengine. Walikuwa na watoto wawili. Wa kwanza alikuwa msichana, na kwa desturi yao msichana wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Basi akaitwa Waithera, kama Cucu, yaani nyanya yake, wa Dagoretti. Wa pili alikuwa mvulana, akapewa jina la baba yake baba, marehemu mzee Wainaina.

Sasa jina la namna hiyo si kibandiko cha kubandikwa kwenye daftari. Ukipewa jina la mtu, wewe ndiye huyo mtu, nusu kwa mapenzi na nusu kwa utani, na hakuna anayejua nusu moja inaishia wapi. Ndegwa alimwita binti yake Maitu, yaani mama yangu kwa Kikuyu. Na Cucu alimwita yule mvulana wa miaka minne mzee wangu, kama mwanamke anavyomwita mumewe. Alimpakulia uji kabla ya mtu mwingine yeyote, akamkalisha kwenye kigoda cha marehemu ambacho hakikukaliwa na mwingine, na kila jioni akamuuliza kazi ilikuwaje. Mvulana alijibu kwamba kazi ilikuwa ngumu.

Cucu mwenyewe alikuja Woodley kwa wiki moja kutibiwa jicho. Jicho lilipona mapema. Cucu akabaki kulichunga.

* * *

Waithera mdogo alikuwa akisoma shule ya baraza pale pale Woodley, ambako unaweza kusikia kengele ukiwa bado unakunywa chai. Tangu serikali iseme masomo ni bure, watoto walimiminika hata wakakaa watatu watatu kwenye dawati la wawili. Waithera alikaa upande wa dirisha, rafiki yake Ndunge katikati, na wa tatu alikaa ukingoni akilishikilia dawati kwa mkono asije akaanguka. Ndunge alikuwa binti wa mama muuza mboga wa getini, na alijaliwa kipawa cha kuiga sauti ya kila mwalimu hata wakati mwalimu yupo. Wakati wa mapumziko wawili hao walicheza kati, na katika darasa la tano zima hakuna aliyeweza kuwalenga kwa mpira. Kama ungemuuliza Waithera anataka nini duniani, angekujibu kwamba anacho tayari. Lakini hakuna aliyemuuliza.

Kichina kiliingia nyumbani kikiwa mkobani mwa Wangu. Alikitoa kwa Chetan, ambaye siku hiyo alikuwa akifungua maboksi ya zipu akatangaza kwamba zipu zimetoka China, nyuzi China, vifungo China, na cherehani ile anayoipiga teke Wangu pia ni ya China. "Mama Waithera," alimwambia, "mimi babu yangu alikuja na Kigujarati na kitambaa. Mjukuu wangu atauza kwa Kichina. Wewe mtoto wako anasoma nini?" Wangu akasema anasoma Kiswahili na Kiingereza. Chetan akamwonea huruma, akamwongezea uzi bure.

Ndegwa aliposikia hakuhitaji kusukumwa. Yeye mwenyewe alikuwa akiwaona Wachina barabarani kila asubuhi wakisimamia vijana wa kuchimba. Kwamba Wachina hao walikuwa wakiwatukana vijana wale kwa Kiswahili kilichonyooka, hilo aliliona lakini hakulitia maanani.

Shule ya kufundisha Kichina ilikuwa moja tu upande ule, nayo iliitwa Mount Sapphire Academy. Ilikuwa bondeni, nyuma ya gereji. Mkurugenzi wake, Bwana Ephantus, kabla ya kuingia katika elimu alikuwa na shule ya udereva mahali pale pale, na kwa kuwa rangi ni ghali, darasa la Kichina lilibaki na mzunguko wa magari uliochorwa ukuta mzima, mishale na yote. Watoto walijifunza kusalimia kwa lugha ya watu zaidi ya bilioni moja chini ya alama inayosema Toa Njia. Karo ya muhula wa kwanza ilitoka katika chama cha Wangu cha akina mama. Ya muhula wa pili ilitegemewa kutoka kwa Mungu.

Jioni ya kumpa mtoto habari hizo walinunua keki, jambo ambalo katika nyumba ile lilimaanisha kuna mtu amezaliwa au kuna mtu anaombwa msamaha. Ndegwa alisimama, akaeleza juu ya dunia ya kesho na zabuni zake, akafungua karatasi, akatoa tai mpya yenye mlima wa buluu. "Maitu," alisema, "kutoka Jumatatu wewe si wa shule ya baraza tena."

Waithera alifungua mdomo. Mama yake, kwa furaha, akautia kipande cha keki. Alipokimaliza, mazungumzo yalikuwa yamehamia kwenye soksi.

* * *

Mwalimu wa Kichina aliitwa Liu, msichana mwembamba aliyetumwa na shirika lao la kujitolea. Kiswahili alikisomea chuo kikuu kwao, na kilikuwa kisafi kiasi kwamba watu wa Dagoretti Corner walimjibu kwa Kiingereza, wakidhani ndio usalama wao. Akiuliza bei ya ndizi angesema naomba unifahamishe. Watoto walimwita Tichaa Liu na walimpenda, kwa kuwa hakujua kupiga.

Siku ya kwanza Waithera alirudi nyumbani, baba yake akakaa mkao wa kula, akamwambia atoe neno. Waithera akasema kwa Kichina baba ni baba.

Ndegwa akangoja. Akauliza, na mama? Mama ni mama. Cucu, aliyekuwa akichambua maharagwe, alitazama ile tai ya mlima wa buluu kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama ng'ombe aliyenunuliwa na mwanawe kwa picha.

Mambo yalinoga baadaye. Ilibainika kwamba Wachina wana neno lao la mama yake baba na neno jingine la mama yake mama, na kaka mkubwa hawezi kuitwa sawa na mdogo hata kwa bahati mbaya. Kila mtu ana ngazi yake na hakuna kupandiana. Waithera alikipenda Kichina, jambo lililomuudhi sana, maana lilimharibia sababu ya kulalamika. Aliuliza maneno kuliko wenzake wote. Aliuliza neno la mume, akapewa. Na neno la kuogesha.

Kumbe Mungu wa muhula wa pili alikuwa njiani. Kampuni moja ya ujenzi ilikuwa tayari kumfadhili mtoto mmoja wa Mount Sapphire hadi darasa la nane, karo, vitabu na sare, na mjumbe wake, Bwana Feng, mzee mtaratibu aliyekuwa bado mgeni nchini, angekuja kuwasikiliza watoto na kuchagua. Kila mmoja angesema kwa Kichina juu ya familia yake. Bwana Ephantus aliwaambia wazazi waje na nguo safi. Ndegwa alimwambia binti yake njiani kwamba mambo yote yako mikononi mwake. Ufadhili ukikosekana, kiti chake Mount Sapphire kitakwenda kwa mtoto wa mtu mwenye pesa. Waithera akasema, "Baba, kwani nikikosa—" Ndegwa akamkataza hata kulitamka neno hilo.

Watoto wengine walisema familia iliyo kitabuni: baba ni daktari, mama ni mwalimu, nina kaka mmoja na mbwa. Watoto sita mfululizo walikuwa na mbwa yule yule. Bwana Feng alipiga makofi ya heshima. Kisha akasimama Waithera, ambaye hakuona sababu ya kudanganya kwa lugha ngeni wakati anaijua kweli, akasema kwa sauti iliyofika gereji:

"Jina langu ni Waithera. Nyanya yangu pia ni Waithera. Baba yangu ananiita mama. Mdogo wangu ana miaka minne. Yeye ni mume wa nyanya. Nyanya anampenda mume wake sana, kila jioni anamwogesha na kumlaza."

Wazazi walipiga makofi hadi mabati yakatikisika. Ndegwa alifuta machozi kwa ncha ya tai. Bwana Ephantus, ambaye hakuelewa hata neno moja, alisimama na kutangaza kwamba hicho ndicho kiwango cha Mount Sapphire. Watu wawili tu hawakupiga makofi. Tichaa Liu alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, na Bwana Feng alikuwa amemgeukia akimuuliza kitu taratibu, akionyesha kwa mkono urefu wa mtoto wa miaka minne.

* * *

Simu ililia dukani kwa Chetan, na kwa kuwa ilikuwa saa ya wateja, Chetan aliipokea na kusikiliza yote kabla ya kuikabidhi kwa mwenyewe.

"Mama Waithera," Bwana Ephantus alisema, "mimi sipendi kuingilia mambo ya nyumba ya mtu. Lakini huko kwenu kuna nini?"

Wangu akauliza kuna nini vipi. Mkurugenzi akaeleza kwa kuzungukazunguka, kama dereva wa kwanza kuona ule mzunguko wa ukutani. Alisema mtoto ametangaza mbele ya mfadhili kwamba mama mkwe wake Wangu ameolewa na mtoto wa nasari. Alisema pia kuna jambo la mzee Ndegwa na mama yake, ambalo Tichaa Liu ameona aibu kulitafsiri. Mama mmoja aliyekuwa akipimishiwa sketi ya mwanawe alisogea karibu. Wangu akaligeuzia duka zima mgongo, akanong'ona kwamba hayo ni majina tu, ni desturi ya kwao, na yeye Bwana Ephantus ni Mkikuyu, anajua.

"Mimi najua," alisema Bwana Ephantus. "Lakini mimi si mfadhili."

Habari njema, aliendelea, ni kwamba Bwana Feng hajamkataa mtoto. Anasema hakusikia Kichina kizuri kama kile tangu afike. Anataka tu kuiona nyumba kwanza. Atakuja Jumamosi. Akiridhika, atatia sahihi. Akiona mambo ya ajabu, Waithera arudi alikotoka. Kwa hiyo, mama, Jumamosi hiyo isiwe na mambo ya ajabu.

Wangu alirudi kwenye cherehani akashona kola nyuma mbele. Chetan alimwangalia, akamwambia asijali, yeye ameitwa jina la mjomba aliyekufa kwa deni, na mpaka leo shangazi zake humdai. Alikusudia kumfariji. Yule mama wa sketi alitaka kujua huyo bwana wa nasari anasoma nasari gani.

* * *

Ndegwa aliitisha mkutano wa nyumba. Alisema Jumamosi, kuanzia wageni wanapoingia mpaka wanapotoka, kila mtu ataitwa kama alivyoandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa. Waithera ataitwa Waithera. Wainaina ataitwa Wainaina, na ni mjukuu. Hakuna Maitu na hakuna mzee wangu.

"Mimi sina cheti," alisema Cucu.

Ndegwa akamwomba mama yake kwa heshima. Cucu akamuuliza Waithera hao watu wa Tichaa, kwao mtu akizeeka jina lake hupewa nani. Waithera akasema halipewi mtu. Tichaa Liu amesema kumpa mtoto jina la nyanya yake ni kumkosea nyanya adabu, hata kulitaja hawalitaji.

Cucu alifikiria hilo akiwa na punje ya maharagwe mkononi. "Basi wakifa wamekufa kabisa," alisema. "Maskini ya Mungu." Akaahidi kujaribu.

Ijumaa Wangu alikwenda kwa jirani yake Muthoni kuazima vikombe vya maua. Muthoni aliwahi kusema kanisani kwamba vikombe hivyo haviazimwi, na sasa aliviazimisha kwa sharti la kuelezwa kila kitu, na alipoelezwa alicheka hadi akashika mlango. Aliongeza vitambaa vya makochi bila kuombwa, akasema atapita kuvichukua mwenyewe Jumamosi, saa ile ile ya wageni, ili asiwasumbue. Mvulana aliahidiwa peremende kwa kila dakika atakayokaa kimya, na akaanza kuzidai hapo hapo. Kilichobaki kilikuwa Cucu. Wangu alimwambia, kwa sauti tamu ambayo mkaza mwana huiweka kwa shughuli maalumu, kwamba siku ya wageni angeweza kupumzika chumbani. Cucu akasema hajachoka. Wangu akasema atachoka.

Wakati wa kulala Waithera alimfuata baba yake barazani, akamwambia ana jambo. Ndegwa alikuwa anapiga viatu rangi. "Ukisema Kichina kesho, Maitu, sema kile cha kitabu," alimjibu. "Ile ya mbwa."

"Hatuna mbwa," alisema Waithera.

"Tutanunua."

* * *

Wageni walifika na mfuko wa machungwa. Bwana Ephantus alitangulia, akisifu kila kitu tangu getini, hata dohani. Tichaa Liu aliwaamkia wote shikamoo, mmoja mmoja, mpaka kwa mvulana, ambaye aliipokea. Bwana Feng alionyeshwa kochi, akakalia, kochi likazama naye. Akainuka kwa adabu, akatafuta mahali pagumu, akaona kigoda kidogo cha miguu mitatu karibu na dirisha. Akakaa juu yake, magoti yakafika kifuani.

Ndegwa alimtazama mkewe. Wangu alitazama vikombe. Nje ya dirisha, kitambaa cha kichwa cha Muthoni kilitulia.

Mvulana alisimama mbele ya Bwana Feng akamkagua. Alikuwa na peremende tatu mdomoni na alijua thamani ya kunyamaza, lakini kuna mambo mwanaume hawezi kuyavumilia nyumbani kwake. "Huyu," alisema, "amekalia kiti yangu."

Wangu akacheka kicheko kirefu kisicho na sababu. Mlango wa chumbani ukafunguka, na Cucu, ambaye alikuwa amepumzika kadiri alivyoweza, akatokea akiwa amevaa sweta lake la kanisani.

"Mwache, mzee wangu," alimwambia mvulana. "Ni mgeni, hajui."

Tichaa Liu alishusha macho. Ndegwa alihisi shati likimganda mgongoni, na katika kutafuta jambo la kufanya ili jambo lile lisiwe limefanyika, alifanya lile ambalo mdomo wake ulikuwa umezoea kwa miaka kumi. Aliita kuelekea jikoni, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Maitu, leta chai."

Waithera akatokea na sinia, akiwa na sare yote, tai ya mlima ikiwa imenyooka.

Bwana Feng alisema kitu kwa upole. Tichaa Liu alikohoa. "Bwana Feng anaomba radhi iwapo swali lake litawakwaza," alisema. "Anauliza, katika nyumba hii, ni nani aliye mama wa nani."

Bwana Ephantus hakumpa mtu nafasi. Alisema ni mchezo, ni mchezo wa kuigiza tu, watoto wa Mount Sapphire hufunzwa kuigiza, na familia hii imeona itumbuize wageni. Akamkonyeza Ndegwa aendeleze. Na Ndegwa, amini usiamini, alifungua mdomo ili aendeleze. Lakini macho yake yalikutana na ya mama yake. Cucu hakuwa amekasirika. Alikuwa anangoja tu kusikia kama ameigizwa.

"Si mchezo," alisema Ndegwa.

Akaanza kueleza, akisimama kila mara ili Tichaa Liu atafsiri. Alisema mzee Wainaina alipofariki, mama yake aliacha kula. Walimpikia, walimwombea, walimletea mchungaji, hakula. Mvulana alipozaliwa, yeye Ndegwa alimpeleka Dagoretti akiwa amefungwa blanketi, akamwekea mama yake mapajani, akamwambia Wainaina amerudi, anauliza kwa nini hakuna moto jikoni. Siku hiyo mama yake aliwasha moto. Hakuna anayedhani mtoto ni mume, alisema. Lakini hakuna anayemwita hivyo kwa kudanganya pia. Tichaa Liu alitafsiri hayo kwa maneno mengi kuliko yaliyosemwa, na mara moja alisimama kutafuta kitambaa.

"Na huyu," Ndegwa aliendelea, sasa akiwa amepata sauti aliyoitumia mara ya mwisho harusini kwake, "huyu ni mama yangu. Sijawahi kumpiga, kwa sababu mtu hampigi mama yake. Akisema jambo katika nyumba hii, mimi nalisikia na nalifanya. Mwambie hivyo hivyo kwa Kichina."

Wangu, ambaye aliishi katika nyumba hiyo, alimtazama mumewe kwa mshangao kidogo. Cucu akasema hapo amesema.

Bwana Feng aliinama akakitazama kigoda alichokuwa amekalia. Kisha akasema kwamba yeye alilelewa na nyanya yake, na katika maisha yake hajawahi kulitamka jina la nyanya huyo, kwa heshima. Na sasa akilitafuta, hana hakika nalo. Akainuka polepole kutoka kwenye kigoda. Alikishika kwa mikono miwili, akakigeuza upande wenye kivuli, akamwekea mvulana. Mvulana akakaa, akauliza chai yake iko wapi.

Mambo baada ya hapo yalikwenda kasi. Bwana Feng alisema kampuni itamlipia Waithera hadi darasa la nane, na baadaye itaangaliwa. Bwana Ephantus alipiga makofi, akasema yeye alijua tangu mwanzo kwamba desturi ndiyo msingi wa Mount Sapphire. Wangu alijifuta macho kwa kitambaa cha kochi cha Muthoni, na Muthoni mwenyewe, huko dirishani, alishangilia kwa nguvu kisha akakumbuka kwamba hayupo. Ndegwa alikuwa anatabasamu kwa meno yote. Tayari alikuwa anaona Jumatatu, stoo nzima ikimzunguka.

Limebaki jambo moja dogo, alisema Tichaa Liu. Bwana Feng ameona kwamba katika nyumba kama hii si adabu kupanga mambo bila kumuuliza mama mwenye nyumba. Kwa hiyo angependa kusikia kwake kama amekubali.

Watu wakamwangalia Cucu. Bwana Feng akatikisa kichwa, akanyoosha mkono kwa heshima kumwelekea aliyeshika sinia.

"Hebu sema, Maitu," alisema Ndegwa kwa furaha. "Mjibu kwa Kichina."

Waithera aliweka sinia mezani, taratibu, vikombe vya watu visije vikavunjika. Alivuta pumzi. Hakumtazama Bwana Feng wala Tichaa Liu. Alimtazama baba yake, akaiweka sauti chini kidogo, pale ambapo Cucu huweka yake akiwa na neno, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akamwita kwa jina.

"Ndegwa," alisema. "Mwanangu. Mimi nataka kurudi shule yangu ya hapa Woodley, nikae dawati moja na Ndunge. Nilitaka kukuambia tangu ile siku ya keki."